Picha ya mwendo ambayo hamtaiona hapa

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na kuna watu mmeshanitumia ujumbe mkiuliza kama nimekamatwa na sapu. Hapana, sapu bado, Mungu aepushe. Ila tesiti zilikuwa tatu ndani ya wiki mbili, na katikati ya tesiti hizo nilikuwa naranda Kariakoo na kamera ya kuazima kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Leo nawasimulia habari ya hiyo kamera. Picha yenyewe hamtaiona, na sababu mtaijua mbele ya safari. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kaeni na chai.

Yote yalianza mwaka jana nikiwa TP. Kwa wale wa vitivo vingine, TP ni yale mazoezi ya kufundisha. Tunapelekwa mikoani, tunavaa sketi ndefu, tunaitwa madamu na watoto ambao wengine wametuzidi urefu. Mimi nasoma Fizikia na Hisabati, basi nikapewa kidato cha pili, mada ya mwendo. Nikaingia darasani najiamini kweli kweli. Kasi ni umbali gawanya kwa muda, mifano miwili ubaoni, zoezi, kwisha kazi.

Sasa kulikuwa na binti mmoja anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha, haongei. Siku hiyo akanyoosha mkono.

"Madamu, nikichukua nukta moja tu ya wakati, gari liko sehemu moja tu, si ndiyo? Hapo halisogei. Na nukta inayofuata liko sehemu nyingine, napo halisogei. Sasa linasogea saa ngapi?"

Jamani! Darasa zima likageuka kunitazama. Nikakohoa, nikapangusa ubao uliokuwa tayari safi, nikasema, "Hilo mtalisoma mkifika kidato cha tano." Ndilo jibu la kila mwalimu aliyebanwa. Yule binti akakaa chini taratibu, kama mtu aliyezoea kujibiwa hivyo. Kilichoniuma ni ule ukaaji wake. Angenicheka ningejisikia nafuu.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba swali lile si dogo. Mgiriki mmoja aitwaye Zeno aliliuliza karne ya 5 kabla ya Kristo, yeye akitumia mshale unaoruka. Yaani mtoto wa kidato cha pili, kwenye dawati lenye mguu mmoja wa tofali, ameuliza swali lililowasumbua watu zaidi ya miaka elfu mbili, na mimi nikamwambia asubiri kidato cha tano. Tangu hapo nikawa natafuta namna ya kumjibu kwa kitu anachoweza kukiona kwa macho.

Ndipo ikaja hii kamera. Kaka yake rumeti wangu anapiga picha za harusi, na ana Canon moja ya zamani ambayo siku hizi haitumii sana. Nikaomba wiki mbili. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na kamera ya kuazima ndiyo kabisa, maana kila bodaboda ikipita karibu moyo unaruka. Mkanda wake nilikuwa nauzungusha mkononi mara tatu. Vibaka wa mjini mnawajua.

Kwa wasiojua, ndani ya kamera kuna kitu kama kipazia kinaitwa shata. Ukibonyeza, kinafunguka, mwanga unaingia, kinafunga. Unaweza kukiambia kifunguke kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, au moja ya thelathini, au nusu sekunde, au hata zaidi. Shata ikiwa ya haraka, kila kitu kinaganda. Ikiwa ya polepole, kinachotembea kinavutika kama ubuyu uliolainika juani, na kilichotulia kinabaki safi.

Na mimi mtu wa Hisabati sikuweza kujizuia. Chukua bodaboda inayokwenda kilomita 36 kwa saa. Hizo ni mita 10 kwa sekunde. Ukifungua shata kwa sehemu moja ya elfu, imesogea sentimita 1. Kwa moja ya thelathini, imesogea sentimita 33. Kwa nusu sekunde, imeshakwenda mita 5. Hata ile picha ambayo bodaboda imesimama kama sanamu, mavumbi yakining'inia hewani, si nukta ya wakati. Ni kipande cha wakati, chembamba tu, na ndani yake pikipiki imesogea. Nilipofika hapo kwenye hesabu nikapiga meza. Rumeti akadhani nimeona mende.

Ni jambo la zamani pia. Mwaka 1878 kule California kulikuwa na Eadweard Muybridge, alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, kila moja na uzi wake. Farasi akipita anakata uzi, kamera inapiga. Watu walikuwa wanabishana kama farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne inakuwa hewani. Picha zikaonyesha kwamba upo. Jicho la binadamu lilikuwa limeangalia farasi maelfu ya miaka bila kuliona hilo.

Basi nikaingia mtaani. Kutoka Ubungo nikapanda mwendokasi mpaka Gerezani, nikatokea upande wa Msimbazi. Siku ya kwanza nilikwenda saa sita mchana, kosa la kwanza. Nikaweka shata nusu sekunde ili nipate ule mvutiko wa watu. Picha zote zikatoka nyeupe pee, kama nimepiga shuka. Jua la Dar saa sita ni jingi mno, ukiliacha liingie nusu sekunde linafuta kila kitu. Nikabana tundu la lenzi mpaka mwisho, bado. Nikachukua miwani yangu ya jua nikaishika mbele ya lenzi, kidogo ikasaidia, lakini picha zikawa za kahawia kama picha za babu.

Nikabadilisha mbinu, nikaweka moja ya thelathini na kuanza kuzifuata bodaboda kwa kamera. Unaishika ikiwa mbali, unageuka nayo kiuno kizima kwa kasi yake, unabonyeza huku unageuka, na unaendelea kugeuka hata baada ya kubonyeza. Ukipatia, dereva anatoka safi na maduka nyuma yake yanakuwa mistari mitupu. Ukikosea, vyote vinakuwa uji. Nilipiga kama 60, zikapona 3. Mpagazi mmoja aliyekuwa amepumzika kwenye mkokoteni wake akaniuliza, "Dada, unapiga picha au unacheza?" Nilikuwa nacheza, kwa kweli. Ila zile tatu zilinipa furaha, maana ndizo nilizokuwa nataka kwa ajili ya yule binti.

Ningeishia hapo hadithi ingekuwa fupi. Lakini kuna jamaa mmoja wa Sanaa alikuwa anakusanya picha za wanafunzi kwa maonyesho madogo pale chuoni, na mimi kwa mdomo wangu nikasema nitaleta ya mji unavyotembea. Kwa hiyo nikarudi Kariakoo, safari hii saa kumi na mbili jioni, jua limelala, taa za maduka zinaanza kuwaka. Huo ndio wakati wa shata ya polepole. Sina ile miguu mitatu ya kamera, nikaomba kreti la soda kwa kijana mmoja muuzaji. Akasema kreti si la bure. Nikanunua soda, nikaweka kamera juu ya kreti, nikaelekeza ng'ambo ya barabara, nusu sekunde, nikabana pumzi.

Mnajua Kariakoo jioni ilivyo. Watu wanarudi majumbani, mama na mzigo kichwani, kijana na mabegi kumi shingoni, konda anapiga bodi ya gari, guta linalazimisha njia, bajaji imepanda juu ya njia ya waenda kwa miguu. Nikapiga kama 20. Usiku hosteli nikazimwaga kwenye laptopu, na ya 14 ndiyo ikanikalisha kitako.

Ile barabara yote ilikuwa moshi. Watu wamekuwa kama mvuke wa chungu, huoni uso, huoni mkono, unaona rangi tu zimepita, ya khanga, ya shati la shule. Na katikati ya ule moshi, chini ya mwavuli, amekaa mzee fundi viatu. Safi kabisa. Unahesabu mikunjo ya paji la uso. Kitu pekee kilichovutika kwake ni mkono wa kulia, uliokuwa unavuta uzi.

Sasa sikilizeni. Njia ile nimeipita tangu mwaka wa kwanza, kila nikienda kununua vitu, na yule mzee ukiniuliza ningesema sijawahi kumwona. Nilikuwa mmoja wa wale moshi.

Nikampelekea yule jamaa wa Sanaa. Akaiangalia muda mrefu, halafu akanihadithia kwamba moja ya picha za kwanza kabisa duniani zenye mtu ndani yake ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1838, Paris, Mfaransa Louis Daguerre alipiga mtaa uitwao Boulevard du Temple kutoka dirishani. Enzi hizo picha ilihitaji dakika kadhaa kuingia. Mtaa ulikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwenye picha uko mtupu, wote wametembea wakafutika. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu, pamoja na yule anayemsafishia. Nani, hakuna ajuaye mpaka leo. "Yako nayo ina viatu," jamaa akasema. "Hiyo ndiyo tunaiweka mlangoni. Niletee jina la mzee niandike chini."

Ndiyo maana nikarudi. Nisiwadanganye kwamba nilirudi kuomba ruhusa, ruhusa haikuniingia akilini. Nilirudi kuchukua jina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kimekatika wapi?" Macho yake yalikwenda moja kwa moja miguuni. Nikavua ndala ya kushoto, maana kweli ilikuwa inaachia pembeni. Akasema buku. Akaanza kushona, na mimi nimesimama mguu mmoja kama korongo. Nikaona huu ndio wakati, nikamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera.

Akaiangalia. Akafuta kioo kwa kidole, kilikuwa na vumbi.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo mzee."

"Na hawa wengine wamekwenda wapi?"

"Walikuwa wanatembea, mzee. Kamera imewafuta."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo wanaotembea wanapona." Mimi nikacheka pia, sikumwelewa. Halafu akauliza hii inakwenda wapi. Nikamwambia kwa fahari kabisa, maonyesho chuoni, itachapwa kubwa, na kwenye intaneti pia watu wataiona. Akaacha kushona.

"Mwanangu, ifute."

Akaniambia na sababu. Sababu hiyo ni yake, siiandiki, na hata kona anayokaa siitaji. Niseme tu kwamba haikuwa ubishi wa mzee, na ingekuwa ni baba yangu ningeielewa bila kuelezwa. Kuna watu ambao kuonekana kwao ni gharama, na wanaoilipa hawatakuwa sisi tuliopiga.

Nikabonyeza kile kidude cha pipa la taka mbele ya macho yake. Kamera ikauliza una hakika, nikakubali. Akanishukuru. Akamaliza ndala, akakataa ile buku.

Na hapa ndipo penye aibu yangu, wadau. Ile picha ilikuwa kwenye laptopu tangu jana yake. Nilijua nikibonyeza. Yeye alidhani imekwisha, na mimi nilimwacha adhani.

Nilikaa nayo siku nne. Rumeti naye nilikuwa nimemrushia kwenye simu, akasema weka tu, chuo na Kariakoo wapi na wapi, atajuaje? Ni kweli, asingejua. Nikajiambia naweza kuufifisha uso. Nikajaribu, nikagundua kwamba ukishafifisha uso hakuna picha, maana ile picha ilikuwa nzuri kwa sababu ya uso. Nikajiambia tena, mbona wapiga picha wakubwa wanapiga watu barabarani bila kuuliza, na leo zinaitwa sanaa? Hilo sikuweza kulijibu vizuri, na bado siwezi. Ninachojua ni kwamba wale ambao hawakuulizwa hawakusema wasiwekwe. Wangu alisema. Aliniita mwanangu, akashona ndala, akakataa hela.

Usiku wa nne nikaifuta kwenye laptopu, nikafuta na ndani ya lile pipa la laptopu, nikamwamsha rumeti saa saba usiku afute na yake. Kanuna mpaka leo asubuhi.

Kesho yake nikaenda kumwambia mzee ukweli wote, kwamba siku ile nilifuta moja tu na nyingine zilibaki, sasa zimekwisha. Nilitegemea anifokee. Akaniangalia kidogo, akasema, "Kumbe. Haya. Sasa zimekwisha?" Nikasema zimekwisha. Akachukua kiatu kingine, akaanza kazi. Baada ya muda, bila kuinua kichwa, akasema, "Mkono piga. Mkono hauna jina."

Nikainama pale pale, moja ya nane ya sekunde. Kiatu kimetoka safi, uzi unaonekana, sindano haionekani, na mkono umekuwa kama bawa la kipepeo kwenye taa. Nikamwonyesha. Akasema, "Hii sawa."

Hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye maonyesho. Haikuwekwa mlangoni, iliwekwa karibu na choo. Watu wengi walijaa kwenye picha ya mwendokasi ya jamaa mmoja wa Uhandisi, na kwa haki yake ilikuwa kali. Mbele ya yangu alisimama kijana wa mwaka wa kwanza, akainamisha kichwa, akauliza, "Dada, hii mbona haina mtu?" Nikamwambia mtu yupo, angalia mkono. Akaangalia. Akasema, "Anakimbia sana," akaondoka zake.

Nimelifikiria neno hilo. Nilikwenda Kariakoo nikidhani mwendo ni wale wanaopita, na yule aliyekaa ndiye ametulia. Kumbe kwenye ile barabara hakuna aliyekuwa anakwenda kasi kuliko mkono wa mzee. Ni vile tu mkono unakwenda na kurudi mahali pale pale, siku nzima, na sisi tunaopita hatuuhesabu kama mwendo kwa sababu haufiki popote tunapopajua.

Yule binti wa dawati la mwisho sijamsahau. Juzi nimemtumia mwalimu wake wa Fizikia picha tatu za bodaboda, pamoja na maelezo. Nimemwandikia hivi: hakuna kamera iliyowahi kupiga nukta ya wakati, kila picha ni kipande, na ndani ya kila kipande, hata kiwe chembamba namna gani, kitu kimesogea. Ukitaka kasi ya gari, gawanya lilivyosogea kwa urefu wa kipande, halafu punguza kipande, gawanya tena, punguza, gawanya, uone jibu linakaribia namba gani. Hiyo namba ndiyo kasi ya pale pale. Na mwisho nimeandika, swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu nililokupa siku ile, unisamehe. Mwalimu amejibu kwamba amemsomea mbele ya darasa, na kwamba binti ameshauliza lingine ambalo yeye mwenyewe limemshinda, ananitumia.

Kamera nimesharudisha, nzima, haina hata mkwaruzo. Ndala ya kushoto bado inashikilia, sasa ya kulia ndiyo imeanza kuachia, kwa hiyo Jumamosi nina safari ya Kariakoo.

Haya wadau, kipindi cha saa mbili kinaniita na sijafua. Wenye tesiti wiki hii Mungu awatangulie. Maoni yenu nayasubiri, hata ya kunisema, hasa wale mnaopiga picha za watu barabarani. Mnauliza kwanza, au mnapiga kwanza?

Tuko pamoja.